Kaka Yangu Aliyeonja Maji ya Boila

Kaka yangu alifanya kazi ya kuonja maji kwa miaka ishirini na sita. Barua yake ya ajira haikusema hivyo. Ilisema ni mhudumu wa mitambo ya maji. Lakini kiwandani walimwita Ulimi, kuanzia mlinzi wa getini hadi fundi mkuu, na yeye aliitika bila kinyongo.

Naandika habari zake kwa sababu siku ya mazishi aliyepewa nafasi ya kuzungumza alisema marehemu alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, kisha akakaa. Ni kweli. Lakini maneno hayo yangeweza kusemwa juu ya yeyote kati yetu tuliosimama pale, hata wavivu wetu wawili watatu. Nataka ijulikane alichokuwa akikifanya, na nilichomfanyia mimi.

Kiwanda chao kinatia rangi vitambaa. Rangi hutaka mvuke, na mvuke hutoka kwenye boila. Sasa maji ya kisima chao ni magumu, kama tulivyofundishwa shuleni: yamebeba chokaa. Ukiyachemsha jikoni, sufuria inabaki na utando mweupe. Ukiyachemsha kwenye boila, utando huo unashika mabomba ya ndani, unakuwa ganda, joto linakosa pa kupita, na siku usiyoijua bomba linapasuka na mvuke unatoka na aliyesimama mbele yake. Ndiyo maana maji yalipita kwanza kwa kaka.

Alikuwa na matangi mawili ya chuma, kubwa na dogo, yamejaa punje za rangi ya asali, ndogo za mviringo kama mayai ya samaki. Punje hizo hunasa chokaa. Baada ya saa kadhaa hushiba, hazinasi tena. Hapo tangi hufungwa na punje huoshwa kwa maji makali ya chumvi, zikatapika chokaa yote zikarudi kazini kama mpya. Kisha ile chumvi nayo lazima isuuzwe hadi iishe, kwa sababu chumvi ikiingia kwenye boila maji yanatoka povu na kuruka, na mtu wa boila hajui tena kama mna maji ya kutosha au la.

Kipimo cha kujua kama chumvi imeisha kilikuwepo zamani, kikaharibika. Basi kaka akawa anakinga maji kwenye kiganja cha kushoto, anayagusa kwa ncha ya ulimi, anatema, halafu anafungua koki au anangoja. Kila alipoomba kipimo kingine, fundi mkuu alimjibu, "Kipimo ninacho. Kinatembea kwa miguu miwili na kinavaa kofia."

Watu walicheka. Kaka naye alicheka, maana ulimi wake kweli haukuwa wa kawaida. Siku moja alionja maharage yangu akasema, "Mdogo wangu, umetia chumvi mara mbili, na mara ya pili ulikuwa umekasirika." Nami nilikuwa nimekasirika kweli.

Aliishi nasi, chumba cha nyuma, tangu alipofiwa na mkewe. Hawakujaliwa watoto. Mume wangu ndiye mtu wa boila katika kiwanda hicho hicho. Kaka ndiye aliyemtafutia kazi, na ndiye aliyemleta nyumbani kwetu akaniona. Kwa hiyo maji yalitoka mikononi mwa kaka yakaingia moja kwa moja kwa baba wa watoto wangu. Kati yao palikuwa na ukuta mmoja na bomba moja. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuona ni jambo la kutisha. Niliona ni baraka, ndugu kumlinda ndugu.

Kisha kaka akapata saratani ya koo. Akapigwa mionzi shingoni siku thelathini na tano. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi kama chungu, mate yakakauka, na alipomaliza akarudi kazini, kola ya shati ikimzunguka kama imeazimwa kwa mtu mnene. Tulimshukuru Mungu. Nilitoa ushuhuda kanisani kwa mdomo wangu huu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa saba tangu mionzi. Jikoni kwangu nina makopo mawili ya maziwa yaliyokwisha, yanafanana; moja la sukari, jingine la chumvi. Nilikuwa naongea na mtoto huku naandaa chai, mkono ukaenda kwenye kopo silo. Nikampelekea kaka kikombe chake barazani, naye akakinywa chote, taratibu, akisoma gazeti la juzi.

"Asante, mdogo wangu. Chai nzuri."

Nilirudi jikoni nikapiga funda la kikombe changu, nikalitema kwenye sinki. Nikatoka tena barazani.

"Kaka, chai ilikuwaje?"

"Si nimesema nzuri?"

"Nimeitia chumvi."

Akatazama ndani ya kikombe kama vile jibu lingekuwa limebaki chini. "Kiasi gani?"

"Vijiko viwili."

Alikunja gazeti mara mbili, akalikunja tena.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mionzi. Daktari alisema ladha itarudi. Miezi mitatu, minne. Ninangoja."

"Na kiwandani unaonja nini?"

"Nasikia ubaridi wa maji. Natazama saa. Nakisia."

"Kaka! Baba watoto anasimama mbele ya boila lile."

"Unafikiri sijui anaposimama?" Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza siku hizo, na aliposema hivyo ilikatika. Akanishika kifundo cha mkono. "Nipe wiki mbili. Wakijua leo watanitoa leo, halafu ataletwa mwingine aonje kama mimi, naye siku moja atapata mafua. Nataka njia isiyo na mimi ndani yake. Chumvi ya kupima kwa ndoo, dakika za kuhesabu kwa saa, basi. Hata mlinzi wa getini aweze."

Njia yenyewe alikuwa ameiomba kwa miaka minane. Alinieleza siku ile kwa mfano wa ufagio, nikaelewa pale pale. Tangu kiwanda kijengwe, chumvi iliingizwa kwa juu ya tangi ikashuka chini. Inasukuma chokaa kuelekea chini, na chini ndiko maji safi yanakotokea baadaye. "Tunafagia nyumba," alisema, "tunarundika taka mlangoni, halafu tunapitisha mgeni mlango huo huo." Kila baada ya kuosha, maji yalibeba mabaki ya chokaa ile, kidogo kidogo. Yeye alitaka chumvi iingie kwa chini, ipande. Punje za chini zingekuwa safi kuliko zote, na maji yakigusa zile za mwisho yangetoka safi, kwa chumvi pungufu na kusuuza kwa muda mfupi unaojulikana. Alipompelekea fundi mkuu mchoro, aliambiwa, "Ulimi, chumvi inaingia juu tangu nikiwa na nywele."

Nikampa wiki mbili. Sikumwambia mume wangu. Jumapili nilisimama kanisani na kitabu cha nyimbo mkononi. Niliomba Mungu alilinde boila. Nilimpa Mungu kazi iliyokuwa yangu.

Alhamisi mume wangu alirudi saa tisa mchana akicheka peke yake tangu getini.

"Mama watoto, chujio lako la chai usilitafute. Shemeji kaenda nalo kazini. Leo kavua samaki mtaroni!"

Akanihadithia huku anakula. Kaka alikuwa amefunga bomba lake kwenye tangi dogo bila ruhusa, akasukuma chumvi kutoka chini. Akaisukuma kwa nguvu mno. Punje zikanyanyuka zote, zikapanda, zikamwagika kwa juu hadi kwenye mtaro wa maji machafu. Fundi mkuu alipofika alimkuta Ulimi amepiga magoti mtaroni, anachota punje kwa chujio la jikoni, anazimimina kwenye ndoo, nyingine anaziokota moja moja kwa vidole.

"Fundi mkuu kamwambia, 'Ukimaliza kuokota, nikaangie.' Watu hawana mbavu!"

Akacheka, akanywa maji. Kisha akasema, kama mtu anayeongelea hali ya hewa, "Ila kile kioo cha kuonyesha maji ya boila kinanisumbua. Siku ya tatu leo. Maji yanacheza juu chini, povu tupu, siyaamini. Nimesafisha kioo, nimeangalia pampu. Labda ni macho yangu."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia kopo la chumvi.

Aliweka kijiko chini. "Umejua siku ngapi?"

"Tano, na kesho ya sita."

"Jumapili nilikuwa zamu," alisema. "Jumatatu nilikuwa zamu." Hakuendelea kuzihesabu. Alinawa mikono, akavaa viatu vile vile alivyovivua muda ule, akarudi kiwandani. Saa kumi jioni boila likazimwa.

Walipolifungua lilipopoa, mume wangu aliniletea kipande cha ganda mfukoni, akakiweka mezani. Kilikuwa kinene kama ukucha wa kidole gumba cha mguu. Bomba moja lilikuwa limevimba ubavuni kama shavu la mwenye jino bovu. Fundi mkuu aliligonga kwa nyundo ndogo, akavua kofia, akakaa juu ya ndoo. Hakuna aliyesema lingechukua siku ngapi kupasuka. Mume wangu anasema hazingefika kumi.

Kaka alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo. Aliniambia barazani, bila kunitazama, "Umeniuza, mdogo wangu." Akaingia chumbani. Asubuhi nilipompelekea uji akasema, "Ningekuwa wewe, ningeniuza siku ile ile ya chai." Sikujua lipi kati ya hayo mawili liliniumiza zaidi. Sasa najua.

Kukarabati boila kulihitaji siku ishirini, kisha mkaguzi angekuja kutoa kibali. Fundi mkuu alikuja kumwona kaka siku ya pili, akakaa kwenye kiti cha plastiki akizungusha kofia.

"Ulimi, mimi sikukununulia kipimo. Hilo ni langu, nimeliandika kwenye ripoti. Lakini na wewe ulinificha."

"Nilikuficha, mzee."

"Haya. Shemeji yako anasema ule uchawi wako wa kufagia una maana. Tangi dogo liko bure. Akinionyesha maji mazuri kabla mkaguzi hajafika, bomba lako litabaki. Asipoweza nalikata, chumvi irudi juu, tutafute ulimi mwingine."

Alipoondoka, kaka alikaa akitazama mikono yake. Wiki hiyo hiyo daktari alituambia ugonjwa umerudi na umeshuka chini, na kwamba hakuna cha kukata wala cha kuchoma. Alikuwa anameza kwa kulia. Nilipiga magoti sakafuni kando ya kitanda changu nikamwambia Mungu, sikuombi umponye, najua umeshaamua. Mwachie amalize hili tu.

Mume wangu akawa mikono ya kaka. Kila asubuhi alipokea maelekezo, na mchana aliniletea maji ya tangi dogo kwenye chupa. Kaka alikuwa na kichupa chake cha sabuni ya maji. Alidondosha matone kwenye chupa, akaitikisa, akaiinua dirishani kutazama povu. Povu likisimama, chokaa imekwisha. Likifa, bado.

Chupa ya kwanza povu lilikufa kabla hajaishusha. "Punje zilinyanyuka tena," alisema. "Fungua na maji ya juu yashuke kidogo yazikandamize, huku chumvi inapanda. Vyote vitokee bomba la katikati. Na chumvi iende polepole, shemeji, kama umebeba uji wa moto."

Chupa ya pili ilikuwa nafuu. Ya tatu ikarudi nyuma, na mume wangu akapandisha sauti, "Basi njoo ufungue mwenyewe!" Kisha akaona alichokisema, akatoka nje. Kaka alimwita kwa kugonga ukuta. "Mnasuuza kwa maji ya kisima. Mnaosha sahani halafu mnaisuuza mtaroni. Chota maji laini ya tangi kubwa."

Chupa ya nne povu lilisimama. Kaka aliishika mbele ya dirisha mpaka mkono ukachoka. Lilisimama tu, jeupe, nene. Nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu chai.

"Sasa chumvi," akasema, akanisukumia chupa nyingine isiyo na sabuni. "Onja."

"Mimi?"

"Ulimi wangu si unaujua? Gusa, subiri, tema. Usimeze."

Ilikuwa ya chumvi wazi kabisa. Akaongeza dakika za kusuuza. Ya tano, ya chumvi. Kati ya kila kuosha walipoteza siku nzima, maana tangi lilipaswa kufanya kazi hadi lishibe kwanza, ndipo lioshwe tena. Sisi tulikuwa tunahesabu siku za mkaguzi na siku za kaka, na hatukusema ni zipi zingetangulia. Chupa ya sita, sauti ilikuwa imekwisha. Aliandika kwenye daftari la mwanangu, kwa penseli, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. DAKIKA ISHIRINI.

Ya saba ililetwa Jumatano mchana. Kabla ya kuingia, mume wangu alinishika mkono kwenye korido. Alikuwa ameshaonja.

"Bado kidogo," akaninong'oneza. "Lakini mwambie imeisha. Mwangalie alivyo. Tukiosha tena nitaongeza dakika mimi mwenyewe, nani atajua? Mwache apumzike."

Niliingia. Kaka alikuwa ameegemezwa kwa mito mitatu, macho makubwa kuliko uso. Alitikisa chupa ya sabuni mwenyewe, ikamchukua muda. Povu likasimama. Kisha akaniangalia mdomoni.

Niligusa maji kwa ulimi. Mbele hayakuwa na kitu. Nikasubiri, kama alivyonifundisha, na nyuma kabisa, karibu na koo, ikaja. Ilikuwa ndogo kama chozi. Mtu mwingine asingeijua.

Aliandika: IMEISHA?

Mume wangu alikuwa mlangoni, ananitazama. Niliwahi kunyamaza kwa siku tano nikaita huruma. Yule mlangoni alikuwa hai kwa bahati tu, au kwa rehema, na ndiye angerudi kusimama mbele ya boila lile kwa kufuata karatasi ambayo kaka angeiacha. Nilitaka kudanganya kuliko nilivyowahi kutaka chochote.

"Bado, kaka," nikasema. "Kidogo sana. Nyuma ya ulimi."

Alifumba macho. Nilidhani nimemuua. Kisha mkono ukatafuta penseli, ukaiangusha, nikampa. Aliandika polepole, na sehemu ya pili akaipigia mstari.

SITA ZAIDI. SI TANO.

Alifariki Ijumaa asubuhi, jua limeshatoka, nikimlowesha midomo kwa kitambaa. Mume wangu alikuwa kiwandani, anahesabu dakika ishirini na sita kwa saa ya ukutani. Alirudi mchana na chupa ya nane ameikumbatia, akaona viti vimepangwa nje na majirani wamesimama. Alipita katikati yao, akaiweka juu ya kabati jikoni, kati ya makopo yangu mawili, akaenda kukaa na wanaume.

Niliionja Jumatatu, baada ya mazishi, watu walipokwisha kuondoka. Niligusa, nikasubiri. Nikasubiri zaidi. Hapakuwa na kitu mbele wala nyuma. Maji matupu, matamu. Nikanywa chupa yote nimesimama, ingawa alinikataza kumeza.

Mkaguzi alikuja, akatoa kibali. Bomba la kaka halikukatwa, na tangi kubwa nalo limefungiwa la namna hiyo. Karatasi imebandikwa ukutani: ndoo ngapi, dakika ngapi, koki ipi kwanza. Mwandiko ni wa mume wangu, maneno ni ya kaka. Kipimo kipya nacho kimeletwa. Pamoja na hayo mume wangu bado anakinga maji kiganjani kila wakimaliza kuosha. Fundi mkuu anamwona, hamwambii kitu.

Mchungaji amenifariji kwamba kaka sasa anajua yote. Naamini. Nimeamini tangu utoto, siachi leo. Lakini nikipiga magoti, hesabu inarudi yenyewe. Ningesema siku ile ya chai, boila lingezimwa siku tano kabla, na chupa ya nane ingeletwa Jumapili, kaka akiwa hai, ameegemea mito yake, ananitazama mdomoni. Na mimi ningemwambia imeisha, na ingekuwa kweli.

Hilo ndilo ninaloliombea msamaha. Makopo bado yako jikoni. Lile la chumvi nimelifunga kitambaa.